Makoja Matatu ya Msandali

Dada Hansa alinipigia simu Jumatano asubuhi, wakati nimesimama juu ya kiti jikoni kwangu Lewisham nikifunga taa za Krismasi kwenye fremu ya dirisha. Binti yangu ndiye aliyepokea, akaninyooshea simu na kusema, "Mum, ni auntie fulani, she's crying." Nilishuka waya ukiwa bado shingoni. "Fotu," sauti ikasema, na Uingereza nzima hakuna mtu mwingine anayeniita Fotu, "kaka Dilip ametuacha. Alhamisi iliyopita. Moyo." Akaniambia watu watakaa matanga nyumbani kwa marehemu Jumapili, nije kama ninaweza. Nikasema pole, nikasema nitakuja, nikasema yale yote mtu anayosema. Simu ilipokatika nilikaa chini, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa sura ya Dilip. Ulikuwa ukuta wa sebule ya mama yake, Harrow, na picha nne zilizotundikwa pale. Binti yangu aliniuliza kama nitamaliza dirisha. Nilimwambia amalize yeye.

Nilikozaliwa, wazazi wangu, na jinsi nilivyopata viza, hayo nitayaruka. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, nao ulianza Machi, miaka ishirini na miwili iliyopita, nilipoingia na begi langu katika nyumba ya Mama Hansa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na kiburi cha mtu aliyekwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro. Siku tatu kwa wiki nilikwenda chuo. Rafiki yangu wa kanisani Tottenham alikuwa akifanya kazi ofisi moja na Hansa, na Hansa alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na mama yake: apike kidogo, ahakikishe dawa zimemezwa, na zaidi ya yote awe anajua Kiswahili, kwa sababu mama yao tangu afiwe na mumewe alikuwa amechoka kuongea Kiingereza. Nilipewa chumba cha juu, kidogo kiasi kwamba nikifungua mlango wa kabati ilibidi nikae kitandani. Sikuwa na mahali pengine pa kulala London, na chuo kilitaka anwani. Nayasema haya mapema ili baadaye msishangae.

Mama Hansa alizaliwa Iringa, akaolewa Iringa, akauza vitambaa Iringa miaka kumi na sita. Kiswahili chake kilikuwa cha nyuma ya kaunta: cha haraka, cha amri, kisichojali ngeli hata kidogo, na mimi mwalimu nilikipenda kuliko Kiswahili chochote nilichowahi kukisahihisha. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka kutoka kwenye jiko, kisha akauliza, "Wewe mtu ya wapi?" Nikasema Morogoro. "Morogoro joto. Iringa baridi. Wewe tateseka hapa, mimi hapana." Alinikaangia mihogo siku hiyo, akaipasua katikati ikiwa ya moto, akainyunyizia pilipili ya unga na ndimu, akakaa mbele yangu kuhakikisha nimeimaliza. Tulikula hivyo karibu kila alasiri mwaka ule, meza ya jikoni, redio ya Kigujarati ikiongea peke yake dirishani, na chai ya maziwa yenye tangawizi iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya udongo. Alikuwa na ulimi mkali. Aliniambia naosha vyombo kama ninavigombeza. Nilicheka, naye akacheka, na katika mwezi mmoja nikawa namwita Mama bila kuongeza Hansa.

Sebule yake nimeibeba kichwani mpaka leo. Kochi la kijani, kapeti jekundu lililofifia njiani ambapo watu hupita, sinia kubwa la shaba kutoka Iringa lililosimamishwa juu ya meko ya zamani, na kwenye ukuta wa kushoto picha nne katika fremu za mbao. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mumewe, mzee mwenye miwani minene. Ya pili Dilip, mwanawe, katika joho la chuo kikuu. Ya tatu Hansa, katika sari ya harusi. Ya nne watoto wawili wa Dilip kwenye bembea. Picha ya mzee peke yake ilikuwa imevishwa koja, lile shada la kuvaa shingoni, lililotengenezwa kwa vipande vyembamba vya msandali, rangi ya kahawia hafifu, na ukilisogelea linanukia bado. Kila Jumamosi nililifuta vumbi kwa brashi laini, kipande kwa kipande. Sikuuliza ni la nini. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Kwetu mtu akihitimu, ndugu hupanga foleni kumvisha makoja ya karatasi za kumetameta, moja juu ya jingine, mpaka kidevu kinapotea. Mimi mwenyewe nilivishwa saba. Kwangu koja lilikuwa hongera. Niliamua kwamba mzee yule alikuwa amepewa heshima fulani, labda na chama chao cha wafanyabiashara, na nikaendelea na vumbi langu.

Mwezi wa kumi mambo yaliharibika. Mama alisahau gesi. Aliwasha jiko, akaenda bustanini kuchuma majani ya giligilani, akasahau kwamba alikuwa anapika, na niliporudi kutoka chuo jikoni kulikuwa na moshi na sufuria nyeusi. Wiki mbili baadaye ikatokea tena, na safari hii Dilip ndiye aliyekuta. Dilip alikuwa na duka la miwani, mtu mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani yake na kuifuta kila alipotaka kusema jambo gumu. Nilikuwa kwenye ngazi na kapu la nguo nilipomsikia sebuleni. Dilip na dada yake kwa kawaida waliongea na mama yao Kigujarati na Kiingereza, lakini mama akikasirika alikimbilia Kiswahili, na wao wakamfuata huko.

"Mama, mimi silali," Dilip alisema. "Kuna home nzuri ya wazee, dakika kumi kutoka kwangu. Watu wetu wapo, chakula chetu kipo."

"Mimi iko na nyumba."

"Nyumba itakuua."

"Baba yako ilikufa ndani ya hii nyumba, na ilikufa vizuri tu!"

Nilijua anafuta miwani. Kisha Hansa, ambaye sikujua kama yupo, akasema wasiamue sasa, wangoje. Dilip akasema sawa. Akasema watakuja Krismasi kama kila mwaka, na wakikuta Mama ameipanga nyumba kama anavyoipanga kila mwaka, kwa akili yake mwenyewe, hatazungumza habari ya home tena mpaka mama mwenyewe aizungumze. "Na nikikuta sivyo, Mama, unakuja. Bila kelele." Nilisikia mama akipiga meza kwa kiganja, mara moja, jinsi wenye maduka wanavyokubali bei. Nikapanda ngazi na kapu langu taratibu.

Inabidi nieleze kwa nini Dilip alichagua mtihani huo. Mama Hansa hakuwa Mkristo, lakini Desemba nyumba yake ilijulikana mtaa mzima. Alianza mwaka wao wa kwanza London, watoto waliporudi kutoka shule wakiuliza kwa nini wao hawana mti, na kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyejua kufanya kitu nusu, alijifundisha. Majirani Waingereza walikuwa wakipita makusudi kutazama dirisha lake. Taa za Diwali hazikushushwa. Ziliachwa zikaunganike na za Krismasi mpaka mwaka mpya uingie, na zote zilikuwa nyeupe zenye unjano kidogo, hakuna nyekundu, hakuna za kupepesa. Mimi nilikuja na mawazo yangu. Kwetu tulikata tawi la msonobari, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, tukalitupia pamba iwe theluji ambayo hatujawahi kuiona, halafu maputo, halafu maua ya plastiki, halafu vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu chenye mgongo. Mwanzoni mwa Desemba nilimletea kutoka soko la Tottenham kamba tatu za kumetameta, za zambarau. Alizishika kwa vidole viwili. "Hii sebule," aliniambia, "hapana keki ya harusi." Zikaenda kwenye pipa la taka, na niliumia kidogo.

Lakini alinifundisha. Wiki tatu zile zilikuwa za wasiwasi na ndizo pia zilizokuwa tamu kuliko zote. Alikuwa anapotea katikati ya sentensi, anasimama na mkasi mkononi akiniita kwa jina la msichana aliyemfanyia kazi Iringa, kisha anarudi na kuendelea palepale. Niligundua kwamba mikono yake ilikuwa inakumbuka zaidi ya kichwa. Ukimpa kitu ashike, alijua mahali pake. Basi mimi nilimpa vitu. Tulikata bustanini matawi ya majani yenye miiba na vitunda vyekundu ambayo Waingereza huyapenda mwezi huo, akayalaza juu ya meko, matatu tu, yakitazama upande mmoja. Tulichomeka karafuu kwenye machungwa, tukayapanga katika bakuli la udongo, na nyumba ikanukia. Aliweka sinia la shaba nyuma ya mishumaa midogo ili mwanga urudi mara mbili. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, yeye chini akiamuru. "Toa. Toa ingine. Sasa acha." Na kila siku alirudia somo lake moja, mpaka nikaliota: "Kitu moja peke yake inaonekana imesahauliwa. Rudia, Fotu. Ukiweka hapa, weka na pale. Macho itembee." Machungwa mezani, basi na chungwa moja dirishani. Shaba ukutani, basi na kikombe cha shaba mlangoni. Nilianza kuona. Hata leo, nikiwa muuguzi, nikiingia katika chumba cha mgonjwa wodini naona kilicho peke yake.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Siku tatu kabla ya sikukuu nilisimama sebuleni peke yangu nikaipitia nyumba yote kwa jicho lake. Kila kitu kilikuwa kimerudiwa isipokuwa kimoja. Koja la mzee lilikuwa peke yake ukutani, limesahauliwa, na picha tatu kando yake ziko tupu. Nilifurahi. Niliona nimekamata kosa ambalo mama mwenyewe amelipita, na kwamba Dilip angeweza kulikamata. Nikaenda duka la vitu vya ibada Wealdstone, nikaomba makoja matatu ya msandali yafanane na lile. Mwenye duka, mzee, aliniuliza kwa Kiingereza kama ni ya picha. Nikasema ndiyo, picha tatu. Akaniangalia muda mrefu. "Zote pamoja?" Nikasema zote, familia moja, na moja ni ya watoto wawili wadogo. Alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, akanifungia katika karatasi nyeupe kwa uangalifu kama mayai. Nilitoka nikiwaza Wahindi wa Wealdstone wana adabu sana wakati wa Krismasi.

Nilitaka kumshangaza mama, kwa hiyo nilingoja mpaka asubuhi ya siku yenyewe, alipokuwa juu anavaa sari yake ya hariri ya rangi ya maziwa. Chakula kilikuwa tayari: vichapati vya puri vikisubiri kukaangwa, biringanya, viazi vya kuoka kwa ajili ya wajukuu, mihogo. Nikapanda kiti, nikamvisha Dilip, nikamvisha Hansa, nikawavisha watoto wa bembea. Nikarekebisha pande zote zilingane. Nilishuka, nikarudi nyuma hatua tatu kama alivyonifundisha, na ukuta ulikuwa mzuri. Nasema kweli, ulikuwa mzuri. Macho yalitembea.

Mama alishuka. Alifika ngazi ya tatu kutoka chini, mahali ambapo sebule yote inaonekana, akasimama. Alishika ukuta. Nilimwona akihesabu picha, moja, mbili, tatu, nne, midomo ikisogea, na uso wake ukabadilika rangi. Alifungua kinywa kuniambia kitu, na kengele ya mlango ikalia. Nilikimbia kufungua huku nikitabasamu.

Waliingia wote kwa pamoja na baridi yao: Dilip, mkewe Rekha, watoto wawili, Hansa nyuma na masanduku ya zawadi. Dilip alikuwa anacheka. Alinusa machungwa, akatazama meko, akasema "Mama, it's beautiful," na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Alitaka afaulu. Miaka yote hii nimejilazimisha kukumbuka hilo, kwamba alitaka mama yake afaulu. Kisha akageukia ukuta wa kushoto.

Rekha alimvuta binti yake kwake akamgeuza uso. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, nani amefanya hivi, na macho yake yalikuwa kwangu. Nilikuwa nimeshika sinia la glasi. Nilidhani nimezidisha tena. Nilidhani ni kosa la kamba za zambarau. Nilifungua mdomo kuomba radhi. Lakini mama alitangulia, kutoka pale ngazini, na alisema kwa Kiswahili, ambacho Rekha mzaliwa wa Leicester hakukijua, na Dilip na Hansa na mimi tulikijua.

"Mimi. Mimi ndiyo naambia yeye weka."

Dilip alipanda kiti kwa viatu. Aliyatoa makoja yote matatu kwa kuyavuta, na la kwake lilikatika, vipande vya msandali vikatawanyika juu ya kapeti. Tulikaa mezani. Puri ziliumuka na kunywea bila mtu kuzigusa. Mtoto mdogo aliomba viazi, akapewa, akala peke yake.

Jikoni, nikiosha vyombo ambavyo havikuchafuka, Hansa alikuja akasimama karibu yangu. "Fotu, wewe hukujua?" aliuliza. "Kwetu picha ikivishwa koja, mwenye picha amekufa. Ni wafu tu wanaovishwa. Mama amewavisha watoto." Alilia bila sauti. "Basi ni kweli. Akili imekwenda." Sufuria ilinitoka mikononi ikaangukia majini. Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa ananitazama usoni. Nilisema, "Pole, dada."

Walipoondoka, alasiri, kabla giza halijaingia, nilipiga magoti mbele ya kochi nikamwambia mama kwamba nilikuwa mjinga, na kwamba nitampigia simu Kaka Dilip sasa hivi. Alikuwa anaokota vipande vya msandali kwenye kapeti, kimoja kimoja, akiviweka kwenye pindo la sari. Akaniuliza, "Wewe ikitoka hapa, talala wapi?" Aliendelea kuokota. "Rekha tafukuza wewe leo leo. Mimi najua yeye. Ngoja. Dilip hasira yake ya siku mbili. Kesho kutwa mimi mwenyewe taeleza." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Wale watoto yangu. Mimi tasamehewa. Wewe hapa nani tasamehe?" Nililala na maneno hayo. Yalinituliza. Nilijiambia ni yeye mwenyewe aliyeamua, kwamba ni mtu mzima na hekima yake.

Kesho kutwa ilipofika alisahau. Nilingoja siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu, nikimletea simu karibu, nikimuuliza kama hataki kuongea na Dilip. Siku ya tano tulikuwa mezani na mihogo yetu. Alitazama sebuleni, ukutani, akasema kwa huzuni ya kweli, "Fotu, mimi sijui kwa nini naambia wewe weka ile koja. Watoto yangu wazima kabisa. Kichwa yangu imekuwa mbaya." Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa amelisema neno lile mara moja kwa ajili yangu, na kichwa chake, kilichokuwa kinaacha kila kitu kimponyoke, kilikuwa kimelishika hilo. Sasa ukweli ulikuwa kwa mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa anatafuna muhogo.

Dilip alikuja wiki ya kwanza ya Januari kushusha taa. Alizikunja vizuri, kama mama yake, akizizungusha kwenye kipande cha boksi. Mimi nilikuwa namshikia boksi. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Fotu, niambie kweli," alisema. "Ni Mama aliyekwambia uyaweke yale makoja? Yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?" Nilifikiri anatafuta wa kumlaumu. Nilifikiria chumba changu, chuo, barua ya viza iliyotakiwa mwezi uliofuata. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwalimu, Mkristo wa kila Jumapili, na nilisema, "Ndiyo, kaka." Akaitikia kwa kichwa. Akavaa miwani. Akachukua boksi akaenda nalo garini.

Mama Hansa alihamishwa Februari. Wao waliniacha nikae mpaka nipate chumba kingine, wakanishukuru, Hansa akaniandikia barua nzuri iliyonisaidia kuingia uuguzi. Nilimtembelea mama mara moja tu, mwaka uliofuata. Ukumbi wao ulikuwa umejaa kamba za kumetameta, nyekundu na kijani, zimefungwa hata kwenye miguu ya viti. Alinivuta sikio karibu na kuninong'oneza, "Nani nafanya hii?" Tulicheka wote wawili. Hakunikumbuka jina. Nilitoka nje, nikatapika karibu na maegesho ya magari, na sikurudi tena. Alikufa mwaka wa tatu. Ningeweza kujitetea kwamba ugonjwa ulikuwepo, kwamba gesi ilikuwa gesi, kwamba angehamishwa hata bila makoja yangu, mwaka huo au mwingine. Mimi ni muuguzi na najua mambo hayo huendaje. Nimejitetea hivyo mara nyingi, na kila Desemba utetezi huo unaanguka mara tu ninapopanda kiti.

Jumapili nilipanda treni ya Metropolitan mpaka Harrow. Kwa Dilip viatu vilikuwa vimejaa mlangoni na mashuka meupe yametandikwa sebuleni. Nilikaa na wanawake mpaka alasiri, wengi wakaondoka, Rekha akapanda juu kujilaza. Juu ya meza ndogo, mbele ya taa ya samli, ilikuwapo picha ya marehemu. Niliitambua kabla sijaisogelea. Ilikuwa ileile, kijana katika joho, fremu ileile ya mbao, na shingoni koja la msandali. Hansa aliniona nikiitazama, akanichukua jikoni, akafungulia maji ya birika.

"Ni ya zamani, najua," alisema. "Hatukuwa na nyingine ya fremu. Dilip hakuruhusu picha yake itundikwe, miaka yote. Ya harusi, ya watoto wakihitimu, yeye akiwemo haipandi ukutani. Rekha alikuwa anazificha kwenye albamu."

Nikauliza kwa nini, na nilijua.

"Krismasi ile ya Mama. Unakumbuka?" Alifunga bomba. "Aliniambia mara moja tu. Alisema, Hansa, ama Mama anaumwa, ama Mama amenikasirikia kwa ajili ya nyumba mpaka amenizika nikiwa hai. Hakuna njia ya tatu. Akasema bora anaumwa. Akampeleka home ili iwe anaumwa. Lakini hakuwahi kuwa na uhakika, Fotu. Hata hospitali, kabla hajafa, aliniuliza, unafikiri alinilaani?"

Nilimwambia. Nilisimama nikishika ukingo wa meza nikamwambia yote: soko la Tottenham, somo la kurudia, mwenye duka wa Wealdstone, kesho kutwa iliyosahauliwa, boksi la taa na lile ndiyo nililolitamka. Nilimwambia njia ya tatu ilikuwapo, nayo ilikuwa ni mimi. Sikulia, kwa sababu niliona sina haki ya kulia jikoni mwa Dilip. Hansa alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Birika lilichemka likajizima. Nilipomaliza hakunishika mkono wala hakunifukuza. Alisema tu, "Siku kumi, Fotu. Umechelewa siku kumi." Kisha akatoka, na sikujua kama nimfuate.

Nilimfuata. Sebuleni hakukuwa na mtu mwingine. Hansa alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ndogo, ameliondoa koja kwenye picha, na Dilip alikuwa kijana wa joho tu tena, anacheka, kama alivyokuwa kabla sijapanda kile kiti. Alininyooshea koja kwa mikono miwili.

"Mvishe," alisema. "Safari hii unajua."

Nilipiga magoti. Nilimvisha. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka kidogo, nikaurekebisha, ukalingana.